Mpira Mdogo Ulindao Usukani

Land Rover ya zamani si kitu kigeni kwa msomaji wa Tanzania au Kenya. Motokaa hiyo ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na aina zake za mwanzo, zijulikanazo kwa jina la Series, ziliendelea kuundwa mpaka mwaka 1985. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote katika kundi hilo sasa ni gari la makamo. Hata hivyo zingaliko ambazo bado zinapeleka watu mashambani, shuleni na hospitalini.

Siri ya uhai huo mrefu ni kwamba sehemu zake nyingi zinaweza kutengenezwa tena. Bodi yake imeundwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, nao hauliwi na kutu kama chuma. Fremu yake inaweza kuchomelewa. Injini yake inaweza kufumuliwa na kufungwa upya. Lakini chini ya gari hilo, baina ya sanduku la usukani na magurudumu ya mbele, mna vifuniko vidogo sita vya mpira, kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa kikombe cha kahawa ya barazani. Vifuniko hivi huzeeka hata kama gari limesimama bandani. Mwenye gari akiinama na kukuta mpira umepasuka, hujiuliza: je, jambo hili ni dogo la kungojea, au ni la kusimamishia gari?

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa njia ya sayansi. Tutatazama kwanza kiungo kinacholindwa na mpira huo, kisha mpira wenyewe na mambo yanayouua, na mwisho namna ya kuubadili. Katika safari hiyo tutakutana na mambo ambayo wanafunzi wa sekondari huyasoma katika fizikia, kemia na biolojia, lakini mara chache huyaona yakifanya kazi mahali pamoja.

Kiungo chenyewe

Dereva anapozungusha usukani, mwendo wake hupitishwa na vyuma virefu ambavyo mafundi huviita tairodi. Vyuma hivyo haviwezi kuunganishwa kwa bolti iliyokazwa kabisa, kwa sababu magurudumu hupanda na kushuka yakipita juu ya mawe na mashimo, na wakati huohuo hugeuka kulia na kushoto. Hapana budi kila kiungo kiweze kuzunguka na kuinama pande zote, bali kisiruhusu chuma kusogea mbele wala nyuma hata kidogo.

Maumbile yalikwisha kulitatua tatizo hilo zamani sana. Mwalimu wa biolojia akiwaonyesha wanafunzi wake nyonga, huwaonyesha kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kilichoingia katika kikombe cha mfupa wa nyonga. Kiungo cha usukani, ambacho mafundi hukiita boljointi, kimejengwa kwa kanuni hiyohiyo. Ndani yake mna tufe la chuma kigumu lililokaa katika kikombe cha chuma. Tufe hilo lina mguu mfupi uliochongwa kwa umbo la pia, na mguu huo huingia katika tundu la umbo hilohilo kwenye mkono wa gurudumu, kisha hukazwa kwa nati.

Mfano wa nyonga unatufaa zaidi ya hapo. Nyonga imezungukwa na mfuko mgumu unaohifadhi ute usipotee. Ute huo hulainisha mifupa isisagane. Katika boljointi kazi ya ute hufanywa na grisi, na kazi ya mfuko hufanywa na kifuniko cha mpira. Mfuko wa nyonga ukiharibika, kiungo huumia. Hali kadhalika kwa gari, isipokuwa gari halina maumivu ya kumwonya mwenyewe.

Usukani wa Land Rover aina ya Series una viungo vya namna hii sita. Vinne vya kwanza hupeleka mwendo kutoka katika sanduku la usukani mpaka gurudumu moja la mbele, na viwili vya mwisho hufunga gurudumu hilo na mwenzake ili yageuke pamoja. Msomaji asivichanganye viungo hivi na yale matufe makubwa yanayoonekana kwenye ncha za ekseli ya mbele, kwani hayo yana kazi nyingine na ulinzi mwingine.

Vumbi likiingia

Kazi ya mpira ni mbili: kuzuia grisi isitoke, na kuzuia vumbi na maji yasiingie. Katika kazi hizo ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Vumbi la barabara zetu lina chembe nyingi za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni madini yaitwayo kwatsi. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho kipimo cha Mohs, ambamo almasi imepewa 10, kwatsi ina 7, nayo huweza kukwaruza kioo na chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipenya mahali mpira ulipopasuka hunaswa na grisi. Tangu hapo grisi si kilainisho tena, bali ni dawa ya kusugulia, mfano wa ile ambayo mafundi huitumia makusudi kusaga vali za injini. Kila mara dereva anapogeuza usukani, tufe na kikombe chake husagwa kidogo.

Wakati wa mvua adui hubadilika. Maji huingia katika ufa uleule, huisukuma grisi pembeni na kuanza kutia kutu. Uso wa tufe uliokuwa laini huwa na vishimo, na vishimo hivyo hukisaga kikombe hata baada ya kiangazi kurudi. Mahali palipo karibu na bahari, chumvi huiharakisha kazi hiyo ya kutu.

Hesabu ya milimeta moja na nusu

Huenda msomaji akasema kwamba kulegea kidogo kwa kiungo kimoja si neno. Hebu tufanye hesabu.

Tuchukulie kwamba mkono unaogeuza gurudumu una urefu wa milimeta 150, na kwamba kiungo kimojawapo kati ya vile vinne vya kwanza kimelegea kwa milimeta 1.5. Magurudumu ya mbele basi yataweza kugeuka, bila dereva kutaka, kwa pembe ya 1.5 ÷ 150, yaani radiani 0.01. Pembe hiyo ni ndogo sana, kiasi cha digrii 0.57 tu.

Land Rover fupi ina umbali wa inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani meta 2.235. Gari ambalo magurudumu yake ya mbele yamegeuka kwa radiani 0.01 hufuata duara lenye nusukipenyo cha 2.235 ÷ 0.01, yaani meta 223.5. Likienda meta 30 katika duara hilo, litakuwa limeuacha mstari wake ulionyoka kwa 30 × 30 ÷ (2 × 223.5), kiasi cha meta 2. Huo ni upana unaozidi upana wa gari lenyewe. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, meta 30 hupitwa kwa muda wa sekunde 1.35.

Kweli, dereva mzoefu hulirudisha gari mara anapohisi limekwenda upande, wala hangojei sekunde nzima. Lakini huko kurudisha-rudisha ndiko kunakomchosha, na siku atakapokutana na basi katika daraja jembamba, hana nafasi ya meta 2. Tena, kiungo kinachoendelea kusagika hakikomi kwenye milimeta 1.5. Mwisho wa kusagika ni tufe kuchomoka katika kikombe, na hapo dereva huzungusha usukani bila magurudumu kumtii. Ndiyo maana tunasema kwamba kifuniko cha mpira, ingawa bei yake ni ndogo, hulinda maisha ya watu.

Mpira ni kitu gani?

Neno letu mpira lina historia yake. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, kabla ya mashamba makubwa kuwako, watu walikuwa wakigema utomvu wa mitambaazi ya mwituni ya jamii ya Landolphia, na mpira huo uliuzwa ng'ambo katika karne ya 19. Baadaye, wakati wa utawala wa Wajerumani, palipandwa miti ya Manihot glaziovii, ambayo ni ndugu wa muhogo. Lakini mti ulioshinda miti yote duniani ni Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni bonde la mto Amazon.

Utomvu wa Hevea una molekuli ndefu mno, kila moja ikiwa kama mnyororo wa maelfu ya pete zinazofanana. Kila pete ina atomu 5 za kaboni na 8 za haidrojeni. Minyororo hiyo imejikunja ovyo kama nyuzi ndani ya fundo. Ukiuvuta mpira, minyororo hunyooka. Ukiuachia, hujikunja tena. Hiyo ndiyo asili ya mnyumbuko wake.

Mpira mbichi, hata hivyo, haufai kwa gari. Wakati wa joto hulainika na kunata, na wakati wa baridi kali hukakamaa. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto, maradhi hayo hupona. Naye alipata hataza ya Marekani mwaka 1844. Huko Uingereza Thomas Hancock alifanya kazi hiyohiyo katika miaka hiyohiyo. Siku hizi twajua kilichotukia: atomu za salfa hufunga mnyororo mmoja na mwenzake hapa na pale, kama vifundo katika wavu. Wavu huweza kuvutwa, lakini nyuzi zake haziwezi tena kutelezeana na kuachana.

Lakini katika kila pete ya mnyororo wa mpira wa asili umebaki muungano maradufu kati ya atomu mbili za kaboni. Hapo ndipo penye nguvu ya mpira, kwa kuwa ndipo panapousaidia kufungwa na salfa. Na hapohapo ndipo penye udhaifu wake.

Namna nne za kufa kwa mpira

Kifo cha kwanza huletwa na ozoni. Ozoni ni aina ya oksijeni ambayo molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili. Mwanakemia Schönbein aliitambua kwa harufu yake huko Basel mwaka 1839, mwaka uleule ambao Goodyear aliupatia mpira dawa. Karibu na ardhi ozoni ni haba mno, ikihesabiwa kwa sehemu chache katika kila sehemu milioni 100 za hewa, lakini hicho kidogo chatosha. Molekuli ya ozoni ikigusa muungano maradufu huukata, na mnyororo hukatika vipande viwili. Mpira usiovutwa hauonyeshi ufa, kwa maana minyororo iliyokatwa hubaki mahali pake. Mpira uliovutwa hufunguka pale ulipokatwa, na ozoni hupata uso mpya wa kushambulia. Kwa hiyo nyufa za ozoni daima hukatiza upande ambao mpira umevutwa.

Kifo cha pili huletwa na oksijeni ya kawaida ikisaidiwa na joto. Kazi hii ni ya polepole. Oksijeni hukata minyororo mingine na kufunga mingine kupita kiasi, na mwishowe mpira hukakamaa na kuvunjika kama mkate uliokauka. Kwa makadirio ya jumla, kila joto linapozidi kwa digrii 10, kasi ya kazi hiyo huongezeka karibu maradufu.

Kifo cha tatu huletwa na mwanga wa jua, ambao huharibu ngozi ya juu tu ya mpira na kuijaza mikwaruzo midogo iliyokwenda ovyo kila upande, mfano wa matope yaliyokauka. Cha nne huletwa na mafuta. Mpira wa asili umejengwa kwa kaboni na haidrojeni, na mafuta ya injini, dizeli na petroli pia yamejengwa kwa vitu hivyohivyo. Kwa sababu ya kufanana huko, mafuta hupenya katikati ya minyororo na kuitenganisha. Mpira huvimba, hulainika na kupoteza nguvu.

Kutokana na hayo, fundi anaweza kuusoma mpira kama daktari amsomavyo mgonjwa. Nyufa zilizonyooka na kufuatana sambamba, hasa kwenye mikunjo na shingo, ni kazi ya ozoni. Ugumu wa mpira mzima ni kazi ya joto na umri. Ulaini na uvimbe ni kazi ya mafuta, na hapo yafaa kutafuta mafuta hayo yanavuja kutoka wapi, kwani ukiweka mpira mpya bila kuziba mvujo, nao utakufa kifo hichohicho.

Je, mpira wa tyubu wafaa?

Katika gereji nyingi fundi akikosa kifuniko kipya hukata kipande cha tyubu ya gurudumu na kukifunga kuzunguka kiungo kwa waya. Jambo hili halifai kudharauliwa wala kusifiwa kabla ya kuchunguzwa.

Tyubu nyingi hutengenezwa kwa mpira wa maabara uitwao butili, uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1930. Minyororo yake ina miungano maradufu michache sana, kwa hiyo ozoni haipati mahali pengi pa kukata. Kwa upande huo kipande cha tyubu kinaushinda mpira wa asili. Lakini butili huvimba upesi ikiguswa na mafuta ya madini, na grisi ya kawaida imetengenezwa kwa mafuta hayo. Kwa hiyo kipande cha tyubu hustahimili hewa ya nje, na kikashindwa na kile kilicho ndani. Kinaweza kumfikisha msafiri mjini; hakiwezi kuwa matengenezo.

Upo mpira mwingine, nitrili, ambao hustahimili mafuta vizuri sana, lakini ozoni huupasua. Kati ya pande hizo mbili umesimama mpira wa neoprini, uliotangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1931. Katika kila pete yake mna atomu ya klorini iliyokaa kando ya muungano maradufu. Klorini hiyo huupunguzia muungano huo wepesi wa kushambuliwa na ozoni, na vilevile huifanya molekuli isifanane sana na mafuta. Neoprini si bingwa wa ozoni wala bingwa wa mafuta, lakini huyamudu yote mawili, na kwa sababu hiyo hutumika sana kwa vifuniko vya viungo vya gari.

Siku hizi huuzwa pia vifuniko vya poliyurethani. Hivyo hustahimili ozoni na mafuta, ila baadhi ya aina zake hudhoofishwa polepole na unyevu ukichanganyika na joto, hali ambayo wakazi wa pwani wanaijua sana.

Kubadili mpira, au kubadili kiungo?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Mpira ni mlinzi tu. Mlinzi akifa kabla adui hajaingia, mwajiri mlinzi mwingine na kazi imekwisha. Lakini ikiwa adui alikwisha kuingia na kuiharibu nyumba, kuweka mlinzi mpya mlangoni ni kujidanganya. Kifuniko kipya juu ya kiungo kilichosagika ni hatari kuliko kifuniko kilichopasuka, maana kilichopasuka humwonya mtazamaji, na kipya humtuliza.

Kwa hiyo kabla ya kununua mpira, kichunguzwe kiungo. Gari lisimame juu ya magurudumu yake mahali palipo sawa. Mtu mmoja atikise usukani kulia na kushoto kwa mwendo mdogo, na mwingine aweke kiganja juu ya kiungo, akishika chuma vyote viwili kwa pamoja. Kama kiungo ni kizima, vyuma hivyo vitakwenda pamoja kana kwamba ni kimoja. Kama kimelegea, mkono utahisi chuma kimoja kikitangulia na kingine kikifuata, na pengine mlio mdogo utasikika. Kiungo cha namna hiyo kibadilishwe chote. Hakuna grisi wala mpira unaoweza kurudisha chuma kilichokwisha kusagwa.

Kiungo kisicholegea bado hakijafaulu mtihani wote. Mpira wa zamani ukishatolewa, tufe lizungushwe kwa mkono. Likizunguka kwa ulaini na ukinzani wa kiasi, ni zima. Likikwaruza, au likikwama mahali fulani na kulegea mahali pengine, au grisi yake ikiwa na rangi ya kutu, kiungo hicho kimekwisha kuugua.

Kazi yenyewe

Kazi hii ifanywe na fundi, au mwanafunzi wa ufundi chini ya msimamizi wake. Gari likiinuliwa kwa jeki, liegemezwe juu ya vyuma au magogo imara kabla mtu hajaingia chini. Jeki peke yake si ya kuaminiwa.

Kwanza kiungo kisafishwe nje kwa brashi, ili uchafu usidondokee ndani. Pini ya kuzuia nati hutolewa, kisha nati hulegezwa bila kutolewa kabisa, ili ilinde meno ya mguu wa tufe. Mguu huo hautatoka kwa kuvutwa tu, kwa sababu umbo lake la pia huubana sana katika tundu lake. Fundi hutumia kifaa maalumu cha kutenganishia. Asipokuwa nacho, huchukua nyundo mbili na kuligonga jicho la mkono kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Pigo hilo hulibonyeza tundu kwa muda mfupi mno, msuguano huvunjika, na mguu huanguka. Asigonge ncha yenye meno, kwani atakiharibu kiungo alichokusudia kukiokoa.

Mpira wa zamani huondolewa, grisi yote ya zamani hufutwa kwa kitambaa safi, na kiungo huchunguzwa kama tulivyoeleza. Kikiwa kizima, hupakwa grisi mpya, na kifuniko kipya hutiwa grisi kwa kiasi bila kujazwa pomoni. Nafasi ya hewa ni lazima, maana kiungo kinapoinama mpira hubanwa upande mmoja, na grisi ikikosa pa kwenda huupasua. Kwa sababu hiyohiyo, viungo vyenye chuchu ya kupitishia grisi visipigwe bomba mpaka mpira ukavimba.

Mguu wa tufe na tundu lake vifutwe vikauke, visipakwe grisi, kwa kuwa msuguano kati yao ndio unaoushika mguu usizunguke. Nati hukazwa kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Pini mpya hutiwa badala ya ile iliyokunjwa, au nati mpya ikiwa ni ya aina inayojizuia yenyewe. Katika kazi hii yote, ncha ya kiungo isizungushwe ndani ya bomba la tairodi, kwa kuwa urefu wa bomba hilo ndio unaopanga usawa wa magurudumu. Ikiwa kiungo chote kimebadilishwa, usawa huo hauna budi kupimwa upya, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Mipira ya akiba nayo itunzwe mahali penye giza na baridi ya kadiri, bila kuvutwa wala kukunjwa, mbali na mashine ya kuchomelea kwa umeme, kwani cheche zake huzalisha ozoni.

Majaribio mawili kwa darasa

Jaribio la kwanza lahusu mafuta. Kata ukanda wa tyubu ya zamani wenye urefu wa milimeta 50. Utumbukize katika chupa ya kioo yenye mafuta ya taa, ufunike na kuiweka mbali na moto. Baada ya saa 24 utoe, uufute na kuupima. Ikiwa urefu umefika milimeta 60, umeongezeka mara 1.2, na kwa kuwa mpira huvimba pande zote tatu, ujazo wake umeongezeka mara 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani mara 1.73 hivi. Wanafunzi walinganishe na ukanda wa mpira wa kufungia karatasi, na kipande cha kifuniko cha zamani cha boljointi.

Jaribio la pili lahusu ozoni, nalo lataka subira. Chukua mipira mitatu ya kufungia karatasi. Wa kwanza uvutwe juu ya kipande cha ubao na kutundikwa nje penye kivuli. Wa pili utundikwe hapohapo bila kuvutwa. Wa tatu uvutwe kama wa kwanza, lakini ufungiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, na chupa iwekwe katika kivuli hicho. Kwa muda wa mwezi mmoja, kila wiki itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Wanafunzi waandike ni mpira upi umeanza kupasuka, na nyufa zimeelekea wapi. Mwalimu awaulize: kwa nini tumechagua kivuli? Na ule mpira wa chupani watufunza nini ambao wa pili hautufunzi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la zamani ufa huo upo kweli, nao huonekana kwa macho. Atakayeinama na kuutazama mapema, akaujua uliletwa na nini, na akakipima kiungo kabla ya kukifunika, atalipia mpira tu. Atakayeungojea, kwanza atalipia kiungo kizima, na baada ya hapo hakuna ajuaye atalipia nini.